Kaya ya Majaribio

Jumanne hiyo ilianza kama Jumanne yoyote kwetu Zombe. Jua lilikuwa limeshapanda kabla watu hawajamaliza chai, mbuzi wa jirani walikuwa wanagombania kivuli cha tangi, na Munyao alikuwa ameketi barazani kwake, kompyuta mapajani, miguu ndani ya beseni la maji yaliyokwisha kufuliwa nguo. Mkewe Syombua, mwalimu wa chekechea, alikuwa ametoka na binti yao Kasiva, mtoto wa miaka sita, ambaye siku hiyo alivaa soksi mbili za rangi tofauti kwa sababu alitaka hivyo na hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana naye.

Munyao ni msanidi programu. Kwa lugha rahisi, anaandika zile amri zinazoifanya simu ijue la kufanya. Alifanya kazi Nairobi miaka sita, akarudi nyumbani na dishi la intaneti la kuweka juu ya bati, pamoja na kile kiburi kidogo cha watu waliofanya kazi Nairobi. Si mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu mbele huko utatafuta wa kumlaumu na yeye ndiye atakayekuwa karibu.

Kazi aliyokuwa akiimalizia ilihusu maji. Mvua zilikuwa zimekosa misimu miwili, na kisima cha soko ndicho kilichobaki. Kamati iliamua kila mtu apate lita ishirini kwa siku, na kila nyumba ipewe kulingana na idadi ya watu wake. Munyao akaunda mfumo wa kupanga hayo. Mkuu wa kaya anaandikisha watu wake kwa simu, anafika kioskini, anaweka kidole kwenye tableti iliyofungwa ukutani, na bomba linafunguka lenyewe. Waliuita Zamu. Mfumo haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa ya watu. Kabla mwezi haujaisha, Zombe ilikuwa na wakazi wengi kuliko Kitui mjini. Wapo walioandikisha watoto wanaoishi Mombasa, wapo walioandikisha wapangaji waliohama zamani, na mzee mmoja wa kanisa, jina lake tumhifadhie, aliandikisha ng'ombe wake wanne na kuwapa majina ya mitume.

Kamati ikaitisha mkutano. Mwenyekiti, Muthama, mtu wa sauti kubwa na subira ndogo, akamleta Mzee Mbuvi. Huyo ndiye mtunzaji wa mwisho wa kithitu upande wetu. Asiyekijua kithitu ajue hivi: ni kiapo cha Wakamba, na ukiapa kwacho uongo, hakikuli wewe peke yako, kinakula na walio wako. Watu wa kanisa hukikemea Jumapili, na Jumatatu hakuna hata mmoja anayethubutu kukigusa. Siku ile Mzee Mbuvi hakuja na chombo chenyewe. Alisema amekuja kueleza tu, ili waongo waogope mapema. Akasimama, akayasema maneno jinsi yanavyosemwa, pole pole, na mkutano mzima ukasahau kukohoa.

Munyao alikuwa mstari wa mbele. Simu yake ilikuwa inarekodi.

Akarudi nyumbani, akakata sekunde kumi na tisa za sauti ya mzee, akaziweka mbele ya kile kitufe kinachosema Nakubali. Unakijua kitufe hicho. Kila mtu hukibonyeza bila kusoma kilichoandikwa juu yake. Sasa kwenye Zamu usingeweza kukibonyeza mpaka mzee amalize kusema, na alichosema, ukikigeuza kwa Kiswahili, ni hivi: hawa niliowataja wako hai, na maji haya wanayanywa; kama sivyo, kiapo kinijie mimi na wao.

Hakumwomba mzee ruhusa. Mzee Mbuvi hana simu, alijiambia. Atajuaje?

Ikabaki kujaribu. Watu wa kazi hiyo wana kanuni yao: kitu kipya hakijaribiwi ndani ya mfumo unaotumiwa na watu. Unatengeneza mfumo wa pembeni, unavunja vya kuvunjika huko. Munyao aliijua kanuni hiyo, na amewahi kuwafokea vijana wengine kwa kuivunja. Lakini asubuhi ile mtandao ulikuwa unasuasua, na mfumo wa pembeni ni kazi ya saa mbili nzima. Akafungua mfumo wenyewe, wa watu wenyewe, akaandika kaya mpya na kuiita Kaya ya Majaribio. Mkuu wa kaya: yeye.

Kaya ilihitaji majina. Hapo alikuwa mwangalifu, tena alijipongeza. Alikuwa na rafiki anayeitwa Muktar, kijana wa Mwingi ambaye kazi yake ni kupekua mifumo ya watu ili aone wezi wanaweza kupenya wapi, na Muktar alikuwa amemhubiria miaka nenda miaka rudi: taarifa za mtu aliye hai usizichezee. Basi Munyao akachukua waliokufa. Akaandika Nzau, babu yake. Akaandika Kasiva, mama yake, aliyeangukiwa na kingo za mchanga miaka kumi na moja iliyopita akichimba maji kwenye mto mkavu. Wafu hawana siri za kuibiwa, alijiambia. Hawadhuriki.

Mkamba yeyote angemshika mkono hapo. Kwetu mtoto hapewi jina tu, anapewa mtu. Aliyekufa hurudi kwa jina lake, na mwenye kulibeba jina huamkiwa kama yule yule. Munyao mwenyewe humwita binti yake "Mwaitu", yaani mama yangu, na asubuhi ile ile alikuwa amemwita hivyo akimfunga kamba za viatu. Lakini akiwa mbele ya kompyuta alikuwa mtu wa kompyuta tu.

Sauti ikasema sekunde zake kumi na tisa. Kitufe kikawaka kijani. Munyao akabonyeza, akaandika kwenye daftari lake kwamba inafanya kazi, akaingia jikoni kutafuta chapati iliyobaki. Kuifuta ile kaya alisahau.

Zamu mpya ilitoka Ijumaa. Kufikia Jumatatu, majina mia saba yalikuwa yameondolewa na wenyewe walioyaandika, kimya kimya, wakiwemo mitume wote wanne. Maji yakatosha. Tovuti moja ya habari za teknolojia ikampigia Munyao simu, ikaandika habari zake na kuweka picha yake akiwa ameegemea tangi. Alimwonyesha mkewe. Syombua aliisoma mpaka mwisho, akamrudishia simu bila kutabasamu.

"Baba Kasiva, umeweka hiyo kitu kwa simu za watu wa kanisa."

"Ni sauti tu."

"Hata nyoka ni sauti tu, mpaka umkanyage."

Alicheka. Alikuwa bado anacheka wiki ya tatu, alipokuwa akipitia orodha ya siku na kukuta mstari mmoja kati ya mia tatu. Kaya ya Majaribio. Watu wawili. Lita arobaini. Saa saba na dakika kumi mchana.

Akapanda juu ya orodha. Jana vilevile. Juzi vilevile. Siku ishirini, saa ile ile, bila kukosa hata moja.

Alifikiri ni wizi. Nani asingefikiri hivyo? Akashuka mpaka kioskini, ambako Ndila, mjane aliyehamia kwetu miaka ya karibuni na anayekisimamia, alikuwa akisugua sinki la bomba.

"Ndila, nani huchukua maji ya hii kaya?"

Ndila aliitazama simu aliyonyooshewa. "Si ni watu wako?"

"Watu wangu gani?"

"Mzee na mama fulani. Wao huja saa saba, wakati jua imekaza na laini imeisha. Mama ndiye huweka kidole. Nikiwasalimia hawaitikii." Uso ukamkunjika. "Ama unataka kusema mimi ni mwizi?"

"Sijasema hivyo."

"Umefikiria. Hata sura yako imesema." Akakitupa kitambaa ndani ya ndoo. "Nakufagilia kioski yako kila siku, na shukrani ni hii. Hao watu wako wakienda huacha mchanga hapa chini mpaka nachoka."

"Mchanga gani?"

"Ya mto. Ile nyeupe. Na hapa mto iko wapi?"

Munyao akatazama chini ya bomba. Saruji ilikuwa imefagiwa vizuri. Kwenye ufa wake mchanga mweupe ulikuwa umejaa, mkavu kabisa, mahali ambapo maji hudondoka kutwa nzima.

Muktar, ambaye Munyao alikuwa amemwomba aukague mfumo, alipiga simu kesho yake. Kwa kawaida huanza na utani. Siku hiyo hakuutaka.

"Nimeangalia mara tatu. Hakuna mtu ameingia kwa mfumo wako. Password haijaibwa, hakuna mlango umeachwa wazi. Ni kidole, bro. Mtu alisimama hapo akaweka kidole."

"Hiyo kaya haina kidole. Sikuandikisha."

"Ndiyo nakuambia. Kuna kidole imekubaliwa na hakuna ya kulinganisha nayo." "Nakutumia picha yake. Mimi ukishaipata, nafuta yangu. Usiniulize tena mambo ya hiyo kaya, Wallahi."

Picha ikafika. Lilikuwa gumba la mkono wa kulia, mistari yake imefifia kama ya mtu aliyeshika jembe maisha yake yote. Kovu lilikuwa limelikata mshazari, kutoka ukuchani hadi kwenye fundo. Munyao alikuwa darasa la tatu mama yake alipojikata na panga akipasua kibuyu. Yeye ndiye aliyelifunga jeraha lile, kwa kitambaa alichokichana kutoka kwenye shati lake la shule, na akachapwa kwa sababu ya shati.

Alikaa na picha ile mkononi mpaka skrini ikazima yenyewe.

Simu ya Kibwezi ilikuja siku hiyo hiyo. Binamu yake Nzau, mkulima wa vitunguu, amekutwa kando ya mfereji wa kumwagilia, uso ukiwa ndani ya maji. Hakuzama. Daktari alisema amekauka. Mkewe, alipopata sauti ya kusema, alieleza kwamba kwa wiki tatu mtu huyo alikunywa asishibe, kwanza kwa kikombe, kisha kwa sufuria, mwisho kwa ndoo ya shambani, akilia kwa hasira kwamba anachezewa. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Jina alipewa la babu yao.

Jumamosi walimzika. Jeneza lilibebwa na watu wawili, na hawakupumzika njiani.

Munyao alirudi Zombe Jumapili mchana, akafungua orodha kabla hajavua viatu. Tangu siku aliyokufa binamu yake, Kaya ya Majaribio ilikuwa ikichukua lita ishirini. Mtu mmoja. Akafungua majina. Kwenye Zamu, mbele ya kila jina kuna nafasi ya hali, na Munyao aliyeuandika mfumo aliuruhusu kutumia maneno mawili tu: hai, au amehama. Mbele ya Nzau paliandikwa neno ambalo hakuliweka yeye wala mtu mwingine.

Ameshiba.

Chini yake palikuwa na Kasiva. Mbele ya Kasiva: hai.

Aliita jina la binti yake kwa sauti iliyomtisha yeye mwenyewe. Hakuitikiwa. Akamkuta jikoni, amesimama juu ya kigoda, ameukumbatia mtungi uliokuwa umejaa asubuhi. Sasa ulikuwa mtupu. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa, na midomo yake ilikuwa imepasuka. Wiki hizo zote alikuwa akiomba maji usiku, nao wakalaumu joto.

"Baba," alisema, "haya maji hayafiki."

Hospitalini Kitui walimtundikia chupa ya maji. Ikaisha. Wakatundika nyingine. Hata ya nne ilipoisha, mtoto alikuwa hajaenda haja ndogo, na ngozi ya mkono wake ukiifinya inabaki imesimama. Muuguzi alimvuta Syombua kando, akanong'ona, "Mama, haya maji yanaenda wapi?" Syombua alikuwa akimpangusa mwanawe pembe za mdomo kwa leso, na kila akipangusa, leso inatoka na chembe nyeupe.

Munyao alimwambia mkewe kila kitu, pale pale kando ya kitanda. Syombua hakupiga kelele. Alimtazama kwa chuki ya wazi ambayo hakujua kama mkewe anayo.

"Toka hapa," alisema. "Nenda ukaitoe hiyo kitu kwa mtoto wangu. Usiporudi nayo imetoka, usirudi."

Akarudi Zombe Jumatatu asubuhi. Akaketi. Akaifuta kaya. Ikafutika. Akafungua upya, ikawepo. Tarehe ya kuandikishwa ilikuwa ile ile, Jumanne ile. Akafuta orodha yote ya Zombe, watu wote. Nakala ya akiba, aliyoiwekea yeye mwenyewe saa ya kujirudisha, ikarudisha kila kitu. Akaiua nakala ya akiba. Akaizima seva. Zamu ikafa soko zima.

Watu walikuwa foleni. Kwa muda mfupi tu, uani kwake pakajaa mitungi na mabomu ya matusi.

"Washa hiyo mashini!" Muthama alinguruma kutoka langoni. "Watoto wa watu wafe kiu kwa sababu yako?"

Jiwe likatua juu ya bati. Kisha jingine. Munyao hakutoka. Simu ikatetemeka mezani, na alikuwa Ndila, akinong'ona mpaka karibu asisikike.

"Tablet imezima. Nimeiangalia, imezima kabisa."

"Najua. Nimezima kila kitu."

"Lakini bomba imefunguka. Ako hapa. Amenipa mgongo. Anajaza."

Saa saba na dakika kumi.

Siku iliyofuata, jua likiwa halijafika utosini, alikuwa kwa Mzee Mbuvi. Mzee alikuwa ameketi mlangoni pa ghala, anapepeta ndengu. Hakumkaribisha. Hakumpa kigoda. Ungo uliendelea kupanda na kushuka.

"Koo langu linauma mwezi mzima," mzee alisema. "Nimekunywa dawa zote. Nikajiuliza, nimeongea na nani hivyo? Kumbe nalisha watu kiapo kutwa kucha, na mimi niko hapa na ndengu zangu."

"Nisamehe, Mzee."

"Uliapa nini?"

Munyao akamwambia, neno kwa neno. Mzee akauweka ungo chini.

"Ulisema mama yako yuko hai na anakunywa maji hayo."

"Ndiyo."

"Basi kithitu hakikukuua. Kimekufanya msema kweli."

"Nilikuwa najaribu tu, Mzee."

"Kujaribu." Akatema mate pembeni. "Wewe hujaribu makali ya kisu kwa shingo ya mtoto?"

Munyao alipiga magoti kwenye makapi. Alilia, na hakuna haja ya kumfichia. Mzee Mbuvi alimwacha alie, kisha akasema kwa sauti kavu isiyo na huruma hata chembe.

"Uliapa, utakana. Si kwa mashini. Kwa mdomo wako, mbele ya yule uliyemtaja. Umwambie amekufa. Na leo asinywe. Akinywa leo, mtoto hafiki kesho, na mimi usinijie tena. Mambo ya kuwaosha kiapo yatafuata baadaye, hayo ni kazi yangu. Hili la kwanza ni lako. Wewe ndiye uliyemwita."

Kioskini hapakuwa na mtu. Waliokuja asubuhi walikuwa wamepata maji kwa kupigania, wakaenda. Ndila alipomwona Munyao anakuja, aliweka ufunguo wa kufungulia bomba kwa mkono juu ya ukuta na kwenda kusimama nyuma ya tangi, macho amefumba. Jua lilikuwa limekaza. Kuku wa soko walikuwa wamejificha.

Saa saba.

Munyao akasimama mbele ya bomba.

Saa saba na dakika tano. Simu ikatetemeka mfukoni. Ni Syombua. Hakuthubutu kushika.

Akamwona anakuja kwa barabara ya mtoni. Alikuja kwa miguu, kama mtu yeyote. Leso ya buluu kichwani, mtungi wa manjano mkononi, bega la kushoto limeinama kama lilivyokuwa likiinama siku zote. Hakuwa amezeeka. Kila akikanyaga, mchanga ulimwagika kutoka kwenye pindo la nguo yake. Munyao alisikia ukimwagika.

Alifika. Akasimama. Midomo yake ilikuwa imepasuka vile vile, mahali pale pale.

"Sogea, mwanangu. Nina kiu."

Sauti ilikuwa yake. Munyao alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

"Mwaitu, maji haya si yako."

"Uliniandika."

"Nilidanganya."

"Ulisema niko hai." Hakuwa na hasira. Alimkumbusha tu, jinsi alivyokuwa akimkumbusha chumvi akimtuma dukani. "Nilisikia jina langu nikaja. Nimetoka mbali."

"Umekufa, Mwaitu."

Akausogeza mtungi karibu na bomba.

"Mchanga ulikuangukia. Mimi ndiye niliyekufukua. Mimi ndiye niliyekuzika. Umekufa."

Mama yake alitazama mkono wake. Akalitazama gumba. Kisha akatazama bomba, ambalo halijawahi kufungwa likakauka, na chini yake tone lilikuwa linajikusanya.

"Hilo moja," alinong'ona. "La kulowesha ulimi tu."

Alitaka kumpa. Lisemwe hivyo hivyo. Huyu alikufa akimtafutia maji, yeye na si mtu mwingine, na kikombe cha kwanza kilikuwa chake siku zote, hata mwaka ambao hakikuwepo cha pili. Tone moja. Mungu wangu, tone moja. Simu ikatetemeka tena. Munyao akanyoosha mkono, akaliziba bomba kwa kiganja chake, akashikilia.

"Hapana."

"Nani anayekunywa badala yangu?"

"Mtoto wangu."

"Anaitwa nani?"

Munyao alifunga mdomo. Alitikisa kichwa. Maji yalimsukuma kiganjani, naye akashikilia.

Mama yake alimtazama. Muda mrefu. Usoni pake kila kitu cha mama kiliondoka, kimoja kimoja, na kilichobaki kilikuwa kinamkariri ili kimjue siku nyingine. Kisha akageuka. Hakutoweka. Alitembea tu, kwa barabara aliyojia, mtungi mtupu ukigonga paja lake, mpaka vumbi na umbali vikamficha.

Ndipo Munyao akashika simu.

"Amekojoa," Syombua alikuwa akilia. "Baba Kasiva, amekojoa! Amekunywa kikombe kimoja. Amesema imetosha."

Hiyo ni miaka miwili sasa. Mzee Mbuvi alikuja kuwaosha, nyumba yote, na Syombua mwenyewe, mwimbaji wa kanisa, alimwinamia bila kuambiwa mara mbili. Zamu haikurudi. Kioskini Ndila anaandika majina kwenye daftari, watu wanadanganya kama kawaida yao, na hakuna anayelalamika. Munyao hutengeneza simu za watu sokoni. Ukimwomba akuwekee programu inayokutaka ukubali masharti, hukupa simu na kutazama pembeni wewe ukibonyeza.

Kasiva ni mzima. Ana miaka minane, anaongoza darasa kwa hesabu, anapigana na wavulana na kuwashinda. Ukimwona hutajua lolote. Isipokuwa umwite jina lake. Umwite kutoka popote, nyumbani, shuleni, katikati ya mchezo, haitikii mara moja. Kwanza hugeuka nyuma. Halafu husogea hatua moja kando, kwa adabu, jinsi mtoto anavyompisha mtu mzima mlangoni. Husubiri kidogo.

Kisha ndipo huitika.